Sikuja Kulala, Mwalimu

Mama,

Nakuandikia kutoka huku upande wa juu wa mto. Nimeingia darasa la tano. Sikuingizwa, nimeingia.

Homa ilipokuchukua wakati wa mafuriko, matokeo ya mtihani yalikuwa hayajafika kijijini kwetu Idsowe. Yalifika tungali matangani. Nilikuwa wa kwanza, Mama! Lakini mwalimu mkuu wa shule ya kati alimpa nafasi yangu mvulana niliyemshinda, akasema hakuna bweni la wasichana. Shangazi akasema, "Basi mwanangu, yamekwisha."

Hayakwisha. Nilijifunga kanga yako, nikapanda mtumbwi wa wachuuzi wa ndizi, nikaenda kusimama mlangoni pa darasa la mwalimu mkuu. Akarudia habari ya bweni. Nikamwambia, "Sikuja kulala, Mwalimu. Nimekuja kusoma." Darasa zima likacheka. Nikaketi sakafuni, nyuma kabisa. Akanitoa. Kesho yake nikaketi tena, na siku zilizofuata, mpaka akachoka kunitoa, akaliandika jina langu.

Nalala kwa Halima, mama wa Kiorma anayeuza maziwa. Mimi humtekea maji. Yeye huniamsha alfajiri kwa kelele kama zako.

Nakukumbuka ukiuacha mpunga uliwe na ndege ili univushe mto niwahi kengele ya shule. Hilo sitalisahau. Wala sisahau siku niliyokuwa wa pili, ukanipakulia wali mkavu, samaki wangu ukampa mdogo wangu Hawa, ukasema, "Wa pili hana jina." Nilifanya mtihani ule nikitetemeka kwa homa. Hukuuliza, Mama. Mbona hukuuliza?

Muhula huu nimekuwa wa nne. Ungenuna. Mimi nilikula nikashiba, kisha nikafungua kitabu cha hesabu, kwa sababu naipenda hesabu. Hata hilo hukupata kulijua.

Sasa ni zamu ya Hawa kuanza shule. Baba anasema msichana mmoja aliyesoma anatosha nyumbani. Nimemjibu, kwa heshima lakini kwa sauti, kwamba hatoshi. Nakuahidi mdogo wangu atasoma. Wakimnyima kiti, nitakwenda kusimama mlangoni tena, safari hii tukiwa wawili. Ila sitamsomesha kwa hofu. Hapo hatutapatana, mimi na wewe.

Pumzika, Mama. Mgongo wangu umeuzoea mkono wako, lakini usinisukume tena. Naenda mwenyewe.

Mwanao,
Amina