Kaka Anataka Nipande Ndege na Bunduki ya Marehemu Baba

Mama Adela, shikamoo. Mimi ni msikilizaji wako wa hapa Sumbawanga, mtaa wa Izia, nimekwama na naomba unitoe, jina langu usilitaje redioni, majina ya ndugu zangu nimeyabadilisha ila mambo yenyewe sijabadilisha hata moja, na kama unaweza kujibu kabla ya Jumatano nakuomba sana ujibu, maana Jumatano ndiyo safari.

Mama, sisi ni watu wa Nkasi, kijiji chetu hakiko mbali na Namanyere, baba yetu mzee Oswaldi alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi na alikuwa na bunduki ya marisau ya kulindia shamba, nguruwe pori wakishuka ni yeye aliyekuwa anaitwa, na bunduki ilikuwa halali kabisa, ina kibali, kila mwaka baba alikuwa anavaa koti lake la kanisani anaipeleka polisi wanaikagua anarudi nayo anatuambia "nimetoka kuwasalimia wakubwa", tunacheka. Baba alifariki Kwaresima iliyopita, Mungu amlaze pema.

Sasa kwenye ukoo wetu mtu akifa, siku ya kumaliza matanga anatafutwa wa kurithi jina lake, na huyo mrithi anapewa kitu ambacho marehemu alijulikana nacho, babu alikuwa mfua chuma ikatolewa nyundo, bibi yetu mmoja ulitolewa mwiko wa pombe, na kwa baba kila mtu alisema ni bunduki. Mrithi ni kaka yangu Theodory, yuko Dar, kazi ikambana hakuweza kuja, basi wakampigia simu wakaweka sauti ya nje, baba mdogo Fabiani akapaka unga wa ulezi kwenye kitako cha bunduki akalitamka jina, kaka akaitikia huko huko Dar, na wazee wakasema isiguswe na mkono wa mgeni mpaka ifike mkononi kwa mrithi, ikiguswa jina la baba limekatika na halitapewa mtoto yeyote tena. Siku hiyo hiyo mtendaji wa kijiji akauliza, silaha ya marehemu iko wapi, baba mdogo akajibu mbele za watu kwamba imeshakabidhiwa polisi. Mama, bunduki nilikuwa nimetoka kuiona kwa macho yangu! Lakini ni baba yangu mdogo, ningemkatalia vipi mbele za watu?

Nikadhani yameisha. Mwezi huu kaka akanitumia tiketi ya ndege, niende kwenye kipaimara cha mwanawe, nipande basi hadi Mbeya halafu ndege pale Songwe, nilifurahi mama, nilipiga vigelegele peke yangu kibandani kwangu sokoni, sijawahi kupanda ndege maisha yangu, wenzangu wakaanza kuniita rubani. Jumamosi baba mdogo akaja kutoka Namanyere na gunia la maharage, nikasema ahsante baba, haya ya kumpelekea kaka, akafunga mlango, akaingiza mkono kwenye maharage akatoa mtutu, kisha kitako, vimefungwa kitenge cha mama, na kopo la majani ya chai ambalo ndani yake ni risasi. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye unayesafiri. Mpelekee mwenzio jina lake."

Nikampigia kaka. Nikamwambia, kaka, hii si kesi? Akasema, "Kesi gani? Begi dogo la mkononi ndilo wanalopekua. Begi kubwa unalikabidhi pale pale, linaingia tumboni mwa ndege, mnakutana nalo Dar. Kwenye basi la Dar ndiyo kuna vizuizi njia nzima, ndege haina vizuizi." Nikamuuliza, na mashine? Maana jirani yangu Monika mumewe aliwahi kupanda ndege akasema mizigo yote inapita kwenye mashine, hata chupa ya asali waliiona. Kaka akacheka akasema, "Chuma kikikaa katikati ya maharage na samaki wakavu, migebuka, mashine inachanganyikiwa." Nikasema, nikikamatwa je? Akasema, "Sema hukujua. Wewe mwanamke, mtu wa mkoani, wataelewa tu."

Tangu hapo sina raha, bodaboda ikisimama nje nasema ndiyo hao, juzi askari alikuja kununua nyanya kwangu nikamrudishia hela yake yote na nyanya juu mpaka akaniuliza, "Mama unaumwa?", nikasema malaria. Na jana ndiyo nimeamua kukuandikia. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta binti yangu Zita, yuko darasa la kwanza, amechuchumaa uani amepanga mafiga matatu, juu ameweka kisufuria chake cha kuchezea, anakoroga. Nikamuuliza unapika nini, akasema, "Napika soseji." Nikachungulia. Mama Adela, zilikuwa zile risasi, nyekundu, amezitoa uvunguni nilikolificha lile kopo, na alikuwa ananyoosha mkono ananiambia, "Mama nipe kiberiti." Nilipiga kelele mpaka Monika akaruka ukuta. Nilimwambia Monika ni nyoka.

Nimemwambia baba mdogo sitaki tena, akanijibu nikikataa nisikanyage kaburi la baba. Mama yangu mzazi naye analia kwenye simu, anasema nisimkatie mume wake jina. Sasa nishauri, niibebe nikamtegemee Mungu, au niitupe chooni niwakose ndugu wote, au nimrudishie baba mdogo gunia lake nijifanye sijaona? Naogopa polisi, naogopa ndugu, naogopa hata chumba changu mwenyewe. Nisaidie.

Mwenye hofu, Izia, Sumbawanga.

JIBU LA MAMA ADELA

Marahaba, mwanangu. Namba uliyotumia nimeipiga jana na leo asubuhi, umezima. Basi utanisamehe nikikujibu mbele ya mkoa mzima. Wahenga walisema bora lawama kuliko fedheha, na fedheha inayokungoja Songwe haina mfano.

Pole. Pole sana, na ninaisema kutoka moyoni, maana nilipofika kwa mtoto na kiberiti ilibidi niweke karatasi chini ninywe maji. Sasa pole imetosha, tuongee.

Kabla ya kaka, kabla ya mila, kabla ya ndege, kuna mtoto. Mpeleke Zita kwa Monika sasa hivi na chumba kifungwe kwa kufuli. Usiunge mtutu na kitako ili uone kama umejazwa risasi. Usizihamishe risasi kwenye kopo jingine, usizianike, usimwoneshe mtu. Mwambie Monika ukweli pia, maskini, asije akaja na panga kumtafuta nyoka wako uvunguni.

Sasa ndege. Bunduki hupanda ndege, sikatai. Inapanda na mwenyewe, mwenye kibali chenye jina lake, aliyeliambia shirika la ndege kabla ya siku ya safari. Anafika uwanjani mapema, anaitangaza mwenyewe kwa wahusika, wanaiangalia kama haina kitu ndani, imo kwenye sanduku gumu lenye kufuli na risasi zimefungwa kando kama wanavyotaka wao. Ikishaandikwa ndipo inaingia humo tumboni mwa ndege anamosema kaka yako. Huo ni usafiri. Mtutu kati ya maharage na migebuka ni kosa la jinai, na wewe ndiye utakayekuwa umelibeba. Eti mashine inachanganyikiwa! Maharage hayajawahi kumchanganya yeyote ila mpishi aliyesahau kuyaloweka. Begi kubwa linapita kwenye mashine kama dogo, tena linaangaliwa wewe ukiwa umeshakaa unasubiri kupanda, na wakiona kitu wanakuita jina kwenye kipaza sauti watu wote wakigeuka.

Wala usiseme kibali kipo. Kibali kilikuwa cha mzee Oswaldi, na mzee Oswaldi ametangulia. Silaha ya marehemu inapelekwa polisi pamoja na kibali chake, na anayeitaka anaomba kwa jina lake, anachunguzwa, akifaa anapewa. Theodory akiitaka aende akaombe kama baba yake alivyoomba.

Nije kwenye mila, kwa sababu najua hapo ndipo wamekushika koo. Mimi ni Mfipa, nimekalia mikeka ya matanga mingi kuliko miaka yako, na kurithi jina sikudharau. Lakini niambie, mkono wa mgeni ni upi? Baba yako kila mwaka alivaa koti la kanisani akaiweka bunduki hiyo mezani kwa polisi, wakaishika, wakaigeuza, wakachungulia ndani ya mtutu, akairudisha nyumbani anacheka. Jina lilikatika? Mkono wa polisi uliizoea bunduki hiyo kabla Fabiani hajaipaka unga. Tena tangu lini jina likarithiwa kwa simu ya sauti ya nje? Mrithi anakuja, anakaa, anapakwa, anatazamwa usoni na wazee. Kazi haikumruhusu kuja kumaliza matanga ya baba yake, leo kazi inamruhusu kupokea bunduki?

Na wewe Theodory, najua kama hunisikilizi utasimuliwa. "Sema hukujua." Nimesoma maneno hayo nikavua miwani. Mtu anayeamini mzigo ni salama hamfundishi dada yake uongo wa kumwambia askari. Ulijua, baba. Ulijua ndiyo maana hukuja kuubeba mwenyewe. Msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini wewe wa kwako umeutafutia mtu mwingine wa kuulilia.

Rudi kwangu, mwanangu. Chooni usithubutu. Kitu kile kitazibuliwa siku moja na mtu asiyejua ni nini, na wewe utaishi ukisikiliza kila gari la maji taka linaloingia mtaani. Kumrudishia baba mdogo ni kuhamisha moto kutoka paa lako kwenda la mwenzio. Gunia litatafuta msafiri mwingine, labda asiyeogopa kama wewe. Nashukuru Mungu kwamba unaogopa. Hofu yako ndiyo mtu pekee mwenye akili katika ukoo huo kwa sasa.

Utafanya hivi. Leo, kabla ya kwenda sokoni, mtafute mwenyekiti wa mtaa wako, mweleze, muende wote kituo cha polisi. Bunduki usiibebe, iache humo humo chumbani kwenye kufuli. Useme, "Silaha ya marehemu baba yangu iko nyumbani kwangu, njooni muichukue." Useme na ilivyofika, pamoja na jibu alilopewa mtendaji. Hapo usimfiche baba mdogo, maana ukimfichia uongo wake unakuwa wako. Mpigie mama yako akutumie kibali, na kama kimepotea sema kimepotea. Wakiichukua, omba maandishi kwamba wameipokea, uyatunze. Ukihisi maneno yanakushinda, wasaidizi wa kisheria wapo, mwenyekiti anajua pa kuwapata. Sitakuahidi kwamba watakupigia makofi. Utaulizwa maswali, mengine makali, pengine utakaa kwenye benchi mpaka mchana. Lakini anayeleta mwenyewe hatazamwi kama anayefumaniwa, na mtoto wako atalala kwenye nyumba isiyo na kitu uvunguni.

Ukimaliza, na polisi wakikuruhusu, safiri. Nenda kipaimara, beba maharage yawe maharage tu, kaa dirishani utazame mawingu kama binadamu wengine. Mama yako atalia, mwachie alie, halafu mpigie tena kesho. Baba mdogo atafoka. Kaburi la baba yako halina geti na ufunguo hauko mfukoni kwa Fabiani. Kaka atanuna, pengine hata picha ya kipaimara hatakuita usimame, na utaumia, sikudanganyi. Yote hayo yana mwisho, ndugu hununa wakarudi.

Lakini Jumatano, kwenye ule mstari wa Songwe, baba mdogo hayupo, mama hayupo, Theodory hayupo. Begi wanalifunga karatasi yenye jina lako peke yako. Wakikufunga, Zita atang'oka meno ya utoto nyumbani kwa Monika, na atakuwa anaulizwa shuleni mama yuko wapi. Nenda polisi leo.