Koleo lenye kisu

Elias, leo mjinga nilikuwa mimi. Cheka sasa, maana mwisho hauchekeshi.

Jana sokoni Muyinga, Bashizi, muuza vyuma, aliniwekea makoleo mawili ya kukunja, ya kutembea nayo mfukoni. Moja lina kisu, jingine halina. Akasema, "Ndugu, we uko naenda kupatana juu ya shamba. Beba ile haina kisu." Nikabeba lenye kisu!

Leo Buhinyuza, Prosper, aliyelima shamba letu tulipokuwa ukimbizini Tanzania, ametuwekea chungu cha pombe ya ndizi. Tunywe pamoja kwa mirija, atuachie nusu ya shamba, yaishe. Mrija wangu ukaziba. Nikafyatua kisu nikate ncha yake.

Elias, kisu mbele ya chungu cha kupatana! Prosper akautoa mrija wake chunguni.

"Kaka, hili ni koleo tu!"

"Kama ni koleo, mbona kilichotoka kwanza ni kisu?"