Tanuru Niliyoiharibu kwa Udongo Laini

Jumanne, Bariadi. Jua kali, vumbi, na mimi sitaki kuonana na mtu.

Tanuru ya kaka Masunga imepasuka leo. Ni pipa la chuma lililokandikwa udongo ndani ili lisiungue. Humo kaka anayeyusha alumini kuukuu na kuimimina iwe sufuria. Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waingie, sufuria kubwa za kupikia vibarua zinatafutwa sana. Hii ilikuwa oda yake ya kwanza ya maana.

Udongo wetu mweupe niliuandaa mimi.

Kaka huuchanganya na vigae vya vyungu vilivyotwangwa. Mimi niliona uchafu. Kitabu changu cha Kiingereza kilisema udongo mweupe unastahimili moto mkali bila kuyeyuka, nikamsomea kwa sauti, mimi nisiyenyoosha hata mkono darasani. Akacheka: “Haya, injinia, fanya.” Nikauchekecha mtupu, bila vigae, kwa chekeche ya unga mpaka ukawa kama poda.

Haukuyeyuka, kweli. Lakini kwenye moto wa muda mrefu chembe laini hugandana, na udongo wote husinyaa. Ukapasuka, ukabanduka, moto ukatoboa pipa, alumini ikamwagika chini. Vigae vilishachomwa zamani, ndiyo maana vinazuia kusinyaa. Yote hayo yamo kwenye ukurasa uliofuata.

Sikuufunua mpaka leo.

Hakuna aliyeungua. Ila mayu Kabula, ‘mama’ kwa Kisukuma chetu, anayetuletea udongo kutoka Zagayu, akafika na kiroba chake wakati huohuo.

“Mayu, umetuletea udongo gani huu?” kaka akafoka mbele ya wateja.

“Uleule wa siku zote, baba.”

“Kauze kwa wapaka chokaa!” fundi mmoja akadakia. Watu wakacheka.

Kaka akamwambia asirudi tena. Mama wa watu akajitwisha kiroba chake, akaondoka. Nami nimesimama palepale na ndoo ya udongo mkononi.

Jioni niliusukuma ugali pembeni. Nikamwambia kaka kila kitu. Nilingoja kofi. Hakunipiga.

“Mimi nitamwomba radhi kwa mdomo wangu,” akasema. “Wewe utasema kwa wako. Kesho, watu walewale wakiwepo.”

Ameshatuma mtu akamwite.

Nimekaa hapa napanga maneno kwa Kisukuma, maana kwa Kiswahili nitajificha, na Kiingereza ndicho kilichonifikisha huku. Mpaka sasa nimepata neno moja tu.

Mayu.