Aproni Iliyokunjwa Vizuri

Jumatano usiku, Shinyanga

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Kitundikio cha aproni kilipovunjika, mkuu wa idara yetu ya eksirei alisema tuvumilie. Basi Mama Neema wa usafi akawa anaikunja aproni ya eksirei kila jioni, nadhifu kama kitenge. Ndani yake kuna madini ya risasi yanayozuia mionzi, na risasi ikikunjwa hupasuka.

Leo nimeipiga eksirei aproni yenyewe. Sehemu ya tumbo imejaa nyufa, kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

Anayeivaa ni nesi Kabula, akiwashika watoto wasiotulia wakati wa kupigwa picha. Ana mimba ya miezi sita.

“Kaka, mbona unaniondolea aproni?”

“Inaenda kufuliwa.”

Akacheka. “Iwahi kurudi. Bila hiyo siingii humo, namwogopea mwanangu.”