Bunduki ya Baba kwa Jina la Saif

Nizwa, Jumatano, Oktoba 2008

Joto limeanza kulegea. Leo asubuhi nimezima kiyoyozi kwa mara ya kwanza tangu Aprili, nikafungua dirisha, na siku nyingine hilo tu lingetosha kunifurahisha. Leo nina hasira, na nyingi ni za kujikasirikia mwenyewe, kwa hiyo sina pa kuzitoa isipokuwa humu.

Bunduki ya baba nimeipoteza. Na nimeipoteza kwa saini yangu.

Nieleze kwa taratibu, maana hata mimi nataka nione nilikosea wapi.

Tulitoka Unguja tukaja huku Uarabuni, Ibra, kwenye mji wa babu, mimi nikiwa na miaka kumi na moja. Idi yetu ya kwanza wanaume wa ukoo walijipanga uwanjani kwa razha: ngoma, mashairi, na kila mtu na bunduki yake anairusha juu na kuidaka. Baba alisimama mwisho wa mstari na bakora. Jamaa mmoja akamwita Mwarabu wa karafuu, watu wakacheka, na baba naye akacheka. Nilimwona alivyocheka, sijapata kukisahau kicheko kile.

Mwaka ule ule aliuza bangili za mama, kwa ridhaa yake mama, akanunua bunduki. Kuukuu, ina pete za fedha kwenye mtutu. Mama akaishonea mkanda wa ngozi kwa mkono wake. Kuirusha baba hakujua, basi akawa anajifunza nyuma ya nyumba kwa mchi wa kinu, na mara mbili ukamwangukia mguuni. Hakupata kupiga hata ndege kwa ile bunduki. Lakini kila Idi alikuwa mstarini, na hakuitwa tena Mwarabu wa chochote.

Alifariki mwaka jana. Mtoto wake ni mimi peke yangu, tena binti, kwa hiyo sehemu ya urithi ilikwenda kwa Saif, mtoto wa ami yangu, kama sheria ya dini inavyotaka. Sikuwa na neno. Tulipogawana, Saif alichukua mitende iliyo karibu na mfereji wa falaji, ile inayopata maji kwanza, mimi nikachukua bunduki. Alicheka akasema nimepunjika.

Kisha nikahamishiwa kusomesha skuli ya Nizwa, mimi na mama tukafungasha. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Leseni ya bunduki ilikuwa kwa jina la baba, na imetolewa Ibra. Mwenye leseni amekufa, mrithi anahama mkoa, na bunduki haichukuliwi njiani na mtu asiye na karatasi. Ilibidi mtu aende ofisi ya leseni akaulize.

Mtu huyo alipaswa kuwa mimi.

Sikwenda. Nisijidanganye kwamba nilikuwa na shughuli. Niliona haya kuingia kwenye ofisi iliyojaa wanaume nikauliza habari za bunduki. Na Kiarabu changu, nikiwa na wasiwasi, kinatoa Unguja yote nje, watu wananitazama mara ya pili. Nina miaka arubaini na sita, nasomesha watoto wa watu, na bado naogopa kutazamwa mara ya pili. Kwa hiyo nilimtuma Saif.

Alirudi na jibu siku hiyo hiyo, akaketi barazani kwetu na kahawa yake. "Bint ammi, mwanamke haandikiwi silaha, tena anayehamia mkoa mwingine. Ikikaa bila leseni itachukuliwa. Iandikwe kwangu kwanza. Mkishatulia Nizwa tutaona namna."

Nilimwuliza tuandikiane chochote baina yetu. Mama ndiye aliyenikatiza, kwa Kiswahili, ili Saif asifahamu: "Mwanangu, astaghfirullah! Mtoto wa ami yako huyu, utamwandikisha karatasi kama muuza duka? Watu watatuonaje?"

Hivyo ndivyo tulivyolelewa sisi. Kumdai ndugu karatasi ni kumtukana. Tukatia saini zote mbili, mama na mimi, kwamba tumemwachia Saif haki yetu, na juu yake tukampakulia chakula.

Sitaki kumlaumu mama. Ningeweza kumkatalia na sikumkatalia.

Idi iliyopita hii tulikwenda Ibra. Saif alikuwa katikati ya mstari, na bunduki ya baba. Anairusha vizuri, lazima niseme kweli, vizuri kuliko alivyojua baba maisha yake yote. Watu wakamshangilia. Nilikuwa natazama pamoja na wanawake wengine, na mama ubavuni mwangu, ndipo nikaona kwamba mkanda si ule. Ametia mpya, wa dukani, una nyuzi nyekundu na njano. Mama aliuona kabla yangu. Alijifunga shela yake vizuri, akaomba maji ya kunywa.

Nilimpigia Saif wiki iliyopita. Nikamwambia tumeshatulia, tuhamishe. Akawa mpole sana. "Bunduki iko nyumbani kwake, bint ammi. Wewe Nizwa utaifanyia nini, utaiweka kabatini? Si utakuwa unaiona kila Idi?"

Kila Idi! Kama kwamba baba aliuza bangili ili sisi tupate kutazama.

Leo baada ya skuli nikaenda ofisini mwenyewe. Nilikaa kwenye gari dakika ishirini nikijifunza sentensi ya kwanza. Afisa aliyenipokea umri wake ni wa wanafunzi wangu wa zamani, akanivutia kiti. Nilieleza yote, Unguja yangu ikatoka yote, na yeye akasikiliza tu. Kisha akauliza, bila ubaya, "Nani alikwambia mwanamke haruhusiwi, ustadha?"

Nikatoa kalamu mkobani.

Akanieleza masharti, moja baada ya moja. Kitambulisho changu. Uthibitisho kwamba nakaa Nizwa. Uchunguzi wao wenyewe, utakaochukua muda. Na ridhaa ya mwenye leseni wa sasa, kwa saini yake, mbele ya mashahidi. Masharti mengi, lakini hakuna hata moja lililonishinda. Mwaka mzima nimeishi nikiamini nimezuiwa na sheria, na sheria haikuwahi kuniuliza kitu kwa sababu sikwenda kusimama mbele yake. Angalau Saif alisema uongo kwa faida yake. Mimi niliuamini kwa sababu ulinipunguzia usumbufu.

Nimeshika fomu sasa hivi. Jina langu nimelijaza, na la baba yangu, na la babu. Nafasi ya Saif iko wazi.

Saif hapokei simu tangu juzi. Basi. Ijumaa baada ya sala huwa yuko kwenye sabla, ukumbi wa wanaume wa ukoo, pamoja na wazee wote, kahawa na halua mbele yao. Wanawake hatuingii mle. Tukiwa na neno tunamtuma mtu, na mimi nimeshatuma mtu mara moja.

Kwa hiyo keshokutwa nitaendesha mpaka Ibra, nitavua viatu mlangoni, nitawaamkia wazee, na nitaiweka fomu mbele ya Saif na kalamu juu yake. Mashahidi watakuwa wengi. Mama anasema nitamtia baba aibu kaburini. Labda. Wala sina hakika sauti itatoka.

Akisaini, nitashukuru na kuondoka. Akikataa, na akatae mbele yao.