Ile Saki Nyeusi Sikumupa Baraka

Kambale mutoto wangu,

Nakusalimia. Nakusalimia tena, juu salamu moja haitoshi. Dada yako Kavira anakusalimia, kile kikohozi kimemuacha. Neema wake anakusalimia, amepanda darasa la tano na amekuwa murefu, zile buti zako za mvua zinamuenea, anatembea nazo hata siku ya jua. Mama Aisha, jirani wetu mwenye kutoka Kindu, anakusalimia sana, anasema redio uliyomutengenezea bado inaimba na kila Ijumaa anakuombea. Baba mukwe wa Kavira anakusalimia kutoka Butembo. Hata kuku mwenye mguu mubaya yupo, hakuna aliyekuwa na roho ya kumuchinja, juu wewe ndiye ulimufunga kijiti. Papa yako naye, kama muko pamoja huko, umupe salamu zangu. Wote nimetaja. Mutu mmoja nimeacha. Nitamufikia.

Unakula? Huko hakuna baridi? Tulikuzika na shati tu, lile jeupe nililolishona, na suweta nilisahau juu ya kiti. Nikikanyaga mashini nawaza ile suweta.

Naandika ndani ya daftari yako, kurasa za nyuma ulizoacha. Mukono wangu unaujua, darasa la nne tu, herufi zinapanda mulima. Neema, mujukuu wangu, alisema, "Koko, sema tu, mimi niandike." Nilikataa. Maneno ya leo si ya kuandikwa na mutoto.

Muji umebadilika. Miezi mitatu baada ya kukuzika, waasi waliingia. Tulikaa siku nne chini ya meza na muchele mubichi, mabati yanatobolewa juu yetu kama ungo. Wenye muji sasa ni wengine. Uwanja wa ndege umenyamaza. Pale Mugunga kambi zimevunjwa, watu wameambiwa warudi kwao, mahema yameacha alama tu juu ya mawe meusi. Universite ilifunga, sasa imefungua. Chumba chako cha maordinateri, zile kompyuta zote, kina mutu mwingine, anafunga funguo kiunoni, si shingoni kama wewe. Nilimuona nikamuchukia bure, maskini, hana kosa.

Mukubwa wako wa kazi alikuja mwenyewe hapa, akakunywa chai. Alisema ile kazi yako ya kumaliza masomo, hata kama haukuisimamia mbele ya walimu, wanataka kuiweka kwenye maktaba na jina lako juu. Tuipeleke. Na kutoa matanga, tuliyoahirisha juu ya vita, kutakuwa Jumamosi hii, baada ya misa. Ndiyo maana naandika leo. Kuna neno ambalo watu watalisikia Jumamosi, na sitaki ulisikie nyuma ya watu.

Lakini kwanza acha nikuone kidogo. Asubui unatoka na maharagi ya jana kwenye kopo, viatu vyeupe kwa vumbi ya volkano mbele hata ya kufika barabarani. Muchana unatengeneza mashini za walimu, wanakuita, "Kambale, kuja, imekufa tena!" Magaribi wale wale walimu wanakufundisha, na wewe uko kiti cha nyuma, mutu muzima wa kazi, katikati ya vijana wenye kukuita muzee. Nilikuuliza siku moja, hauoni haya? Ulicheka. "Mama, haya ni ya mutu mwenye kuiba."

Neno hilo, Kambale. Sijui kama unakumbuka ulilisema.

Na ulinielezea kazi yako. Ulikuwa unaandika ndani ya ordinateri kitu cha kufanya wanafunzi waone pointi zao bila kupanga mustari mbele ya ofisi toka asubui. Sikuelewa. Ukachukua karatasi zangu za kukatia nguo, ukasema, "Ni hii, Mama. Unapima mara moja, halafu shati elfu zinatoka hapo." Nikaelewa. Ndiyo ubaya wake. Siwezi kusema sikujua ndani ya saki, ule mufuko wako wa mugongoni, kulikuwa ordinateri yenye kazi hiyo yote.

Sasa nafika.

Siku ile ya volkano redio ilitaja kwartie, mitaa yenye kuondoka, na yetu ya Mabanga ilikuwa ndani, udongo ulikuwa unatetemeka hata sufuria zinaongea. Wewe ulikuwa universite unazima mashini zao. Ulinipigia. "Mama, ile saki nyeusi ya mugongoni. Vingine vyote acha. Saki tu." Nikasema ndiyo.

Halafu rafiki yako Baraka akafika na pikipiki yake, hata hakuna aliyemuita. Na mimi niliona kitu kimoja tu: mashini yangu ya kushona. Unajua ile ya kwanza volkano iliikula kule Murara, ulikuwa mudogo, nilirudi nikakuta jiwe kubwa lenye moshi pahali penye nyumba ilikuwa. Nikasema hii ya pili hainiponyoki. Baraka aliifunga nyuma ya pikipiki kwa kamba mara tano, nikimupigia kelele, "Kaza! Kaza!" Akamukalisha Neema mbele. Akanyoosha kidole nyuma ya mulango. "Na hii saki, Mama?" Nikamujibu, "Hiyo nabeba mwenyewe, ni ya Kambale."

Akaenda. Udongo ukatikisika tena, Kavira akapiga kelele, nikashika sufuria na unga, nikafunga mulango na kifunguo. Mugongo wangu ulikuwa mutupu. Niliikumbuka saki tumeshafika Mugunga. Watu walikuwa barabara nzima, magodoro, mbuzi, vizee kwenye mikokoteni. Nilisimama. Kavira akanivuta mukono. Nikaendelea.

Kesho yake ulitukuta Sake. Macho mekundu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Uliona mashini, ukacheka. "Na saki, Mama?"

Kama ningesema iko nyumbani, ungerudi saa ile ile. Nilikuzaa, nakujua. Na walikuwa wanasema moto uko chini ya muji, utatoboka popote. Nikasema, "Nilimupa Baraka, aiweke pahali pazuri." Niliwaza nitaikuta nyuma ya mulango, nitasema ameirudisha, hadisi itaisha. Ilikuwa uongo wa siku tatu tu.

Tulirudi, mulango umevunjwa. Godoro hakuna. Saki hakuna.

Sasa hapo, Kambale, woga wa volkano ulikuwa umekwisha. Siwezi tena kusema nilikuwa nakulinda. Hapo nilikuwa najilinda mimi. Nilikuangalia unatafuta chini ya kitanda pahali penye hata kitanda hakikuwa tena, unasema, "Si kitu, Baraka anayo," na mimi nikashika ufagio.

Baraka alikuja kutusalimia. Wewe: "Leta saki." Yeye akacheka. "Saki gani tena? Volkano imekuingia kichwani?" Halafu akaniangalia. Nilikuwa nafagia vioo. Nikasema bila kuinua kichwa, "Baraka mwanangu, si nilikupa?"

Ufagio ulisimama. Alikuwa anajua, na mimi nilijua kama anajua. Mama yake alikufa angali mudogo, kwangu ndipo alikula. Akasema polepole, "Kama Mama amesema alinipa, basi alinipa. Sijui ilianguka wapi."

Ukamuambia asikanyage tena hapa. Ulisema hata ile disiki ya akiba ilikuwa humo humo. Miaka miwili ya kazi. Ukaanza tena toka ukurasa wa kwanza, na saa ya kupumzika hukuwa nayo tena.

Na jina lilimushika. Kwenye parking ya Katindo, pale wenye pikipiki wanangoja abiria, wenzake wanamuita Saki Nyeusi. Abiria anapanda, anasema, "Wee Saki Nyeusi, twende, lakini yangu naikumbatia mwenyewe!" Wote wanakufa na kicheko. Neema alilileta nyumbani kama muchezo: "Koko, wanamuita Saki Nyeusi!" Nilimupiga. Alilia, hakujua juu ya nini. Nilimupiga mutoto juu ya uongo wangu.

Unafikiri hapo ndipo mwisho. Hapana.

Miaka ikapita, ukaugua. Hospitali, siku ya pili baada ya kukupasua tumbo, ulifungua macho ukasema, "Mama, uite Baraka. Saki ni saki. Nataka tuongee." Nikashika telefone, nikatoka kwenye koridoo. Nilisimama pale. Nikawaza: watakaa wawili, atamuambia. Mutoto wangu atajua mama yake ni nani. Nikarudi, nikakuambia rezo hakuna, telefone haipiti.

Rezo ilikuwapo, Kambale.

Ukauliza tena magaribi. Nikasema bado. Asubui haukuuliza tena kitu, na siku hiyo ukatuacha.

Nimeandika hiyo mistari nikaacha kalamu, nikaenda kuosha sahani zenye zilikuwa safi.

Baraka alikuja kukulilia. Alisimama nje ya ukuta, juu ulimukataza kukanyaga ndani na yeye anashika neno. Mama Aisha ndiye alimuvuta mukono. Alikubeba bega la kushoto, mbele. Na siku waasi walipoingia na robine za maji zikakauka, nani alitoka chini ya risasi na bidoni mbili za maji ya ziwa? Nilimufungulia, nikasema, "Baraka, ile saki..." Akanikata. "Mama, maji inatosha ama nirudi?" Mpaka leo ananifunika. Mimi mukubwa, yeye mutoto wa watu, na yeye ndiye ananifunika.

Wiki iliyopita Kavira alifungua kazi yako kwenye karatasi, akatusomea ukurasa wa kwanza. "Kwa mama yangu, aliyebeba nyumba yote kichwani siku ya volkano." Kavira alilia kwa furaha. Mimi nilitoka nikaenda jikoni, nikakaa na moshi, ili nikiulizwa niseme ni moshi.

Basi sikia. Nimekata kitambaa kinene cheusi, kile kilichobaki kwa mapazia ya parokia. Nimekishona na mashini ile ile, mishono miwili kila pembe, mikanda ya mugongo ile mipana uliyopenda. Ndani nimetia karatasi zako na disiki. Jumamosi, mbele ya Kavira, mbele ya mukubwa wako, mbele ya wale wenye pikipiki wa Katindo niliowaalika mimi mwenyewe, nitasimama. Nitasema nilisahau saki nyuma ya mulango. Nitasema Baraka hakuishika hata kwa kidole. Nitasema na ya hospitali, hata kama sauti itakatika, nitaanza tena. Halafu nitamuita kwa jina lake, nitamuwekea ile saki mikononi, ili yeye ndiye aipeleke universite. Nilisema nilimupa Baraka. Sasa nitamupa.

Akikataa kuishika, nitakuwa nimestahili. Nitaibeba mwenyewe kwa mguu, kama nilivyosema siku ile.

Nakuaga mwanangu. Funga shingo na kitu, baridi isikukute. Nakuahidi jina lako juu ya kile kitabu litafika, na jina la rafiki yako litarudi. Langu, Mungu atajua.

Kuna swali moja tu. Pale ulipoacha kuuliza, ile asubui, ulikuwa umechoka, ama ulikuwa umeelewa? Nijibu mbio, mbele ya Jumamosi. Pita kwenye ndoto yangu, ama ya Neema kama kwangu njia imekuwa chafu. Usije na maneno mengi. Niite tu Mama, nisikie unaitaje.

Mama yako