Maneno Chini ya Picha ya Mwanaidi

Jumanne, Berea

Nimefuta, lakini sijui nani alikuwa ameshasoma.

Mdogo wangu Mwanaidi anafanya kazi za ndani Uarabuni. Juzi aliweka picha yake mtandaoni. Mimi, nikiwa dukani Fordsburg, huku kusini mwa Afrika, nikaandika chini yake kwamba watawala wa huko wanamfunga kila anayewasema, awe macho. Nilidhani namlinda.

Leo mchana akanipigia simu ya kawaida, maana zile za mtandao huko zimezibwa. Alikuwa ananong'ona.

"Dada, futa yale maneno. Sasa hivi."

"Kwani vipi? Nimeandika mimi, si wewe."

"Yako kwenye ukurasa wangu! Yule Mkenya wa nyumba ya jirani alisambaza video tu ya kuwasema wakubwa, wala si yake. Wamemchukua."

Nikafuta, mteja kashika buibui ananisubiri.

"Nimefuta. Nisamehe, mdogo wangu."

"Naufunga ukurasa wote. Usinipigie mpaka nikutafute mwenyewe."

Eish. Hapa watu wanamsema rais ndani ya teksi na kushuka salama. Nimezoea, nikajisahau.

Jioni mama kapiga kutoka Tanga, anauliza mbona Mwanaidi hapatikani mtandaoni. Nimemwambia bando limeisha. Simu hii yenyewe sijui nani anaisikiliza.